Taa Hazina Kosa

Alikuja saa nane kamili mchana, kama alivyosema kwenye simu, bila kuzidisha wala kupunguza dakika. Kwa hilo miaka sita haikuwa imembadilisha. Dada Kidevu alimfungulia mlango wa nyuma wa studio, ule unaotokea uchochoroni kwenye mapipa ya taka, akajibana ukutani ili apite na begi lake la vyombo.

"Hujambo, Kidevu?"

"Sijambo. Karibu, fundi."

Fundi. Aliisikia mwenyewe ilivyotoka kavu, kana kwamba alikuwa anampokea mtu wa kuzibua mabomba. Yule aliyekuwa ameingia alikuwa mwanamume pekee aliyewahi kumfanya asahau kula. Sasa alikuwa amenenepa kidogo mashavuni, na mvi zilikuwa zimeanza kumchungulia juu ya masikio, lakini macho yake yalikuwa yaleyale ya kukitazama kitu mpaka kitubu.

Mtaa mzima ulimwita yule dada Kidevu kwa sababu ya neno alilolisema kutwa nzima nyuma ya kamera: inua kidevu, shusha kidevu, kidevu kulia kidogo, mama. Fundi naye aliwahi kuwa na jina lake pale studio. Alikuwa Bwana Nusu. Jina hilo alipewa na baba yake Kidevu, tena si kwa mapenzi.

"Mzee yupo?" aliuliza Bwana Nusu kwa sauti ya chini.

"Amelala juu. Huamka saa tisa."

"Anajua nimekuja?"

"Anajua fundi anakuja. Hajui ni nani."

"Na shangazi?"

"Yuko kaunta. Naye hajui."

"Basi tuko salama kabisa, kama panya walioalikwa chakula na paka."

Kidevu alitaka kucheka. Kicheko kilifika kooni kikachoka, kikarudi. Siku hizi mambo mengi yalimfia njiani namna hiyo. Aliamka amechoka, akafungua studio amechoka, akawaambia watu watabasamu na mwenyewe hana nguvu ya kuinua pembe za mdomo.

"Haya, taa zina nini?"

Alimpa bahasha. Ndani mlikuwa na picha za mahafali ya chuo cha makatibu, wasichana ishirini na wawili, na kwa wote ishirini na wawili kola nyeupe zilikuwa zimeyeyuka kama hazikuwapo. Vipaji vya nyuso viling'aa kama sahani zilizooshwa sasa hivi.

"Zinaunguza," alisema Kidevu. "Picha zote zimerudishwa. Nimejaribu kuzirekebisha kwenye kompyuta, lakini palipoungua hapana cha kurudisha. Baba anasema taa zimezeeka. Na leo saa kumi anakuja binti wa rafiki yake na mchumba wake kupigwa picha ya harusi. Gauni jeupe, suti nyeusi. Baba ameahidi kuwapiga kwa mkono wake mwenyewe. Ametangaza mtaa mzima."

Bwana Nusu aliziweka picha kando. Alifungua begi akatoa kipima mwanga chake, kijimashine cha ukubwa wa kiganja chenye kichwa cheupe cha mviringo kama nusu ya yai la njiwa. Alikilinganisha na kamera, spidi kwa spidi, na wepesi wa kuhisi mwanga kwa wepesi uleule. Akavuta kigoda mbele ya pazia la kijivu.

"Kaa hapa. Nataka uso wa mtu."

Kidevu alikaa. Bwana Nusu aliinama mbele yake, akakileta kile kichwa cheupe chini ya kidevu chake kikiitazama lenzi.

"Inua kidevu," alisema.

Maelfu ya watu aliwahi kuwaambia neno hilo. Yeye mwenyewe hakuna aliyemwambia tangu mtu huyu aondoke. Aliinua. Macho yao yakakutana kwa kipande cha muda ambacho hakikuwa cha kazi, na ndipo taa ikalipuka kwa mwanga mweupe, wote wawili wakapepesa.

"Nane na sehemu tatu," alisoma fundi, sauti yake imekwaruza kidogo. "Tena."

Nambari ile, ambayo kila hatua yake ya mwanga hugawanywa sehemu kumi, ndiyo inayomwambia mpiga picha afungue tundu la lenzi kiasi gani. Taa mbovu huyumba. Mara inatoa saba, mara tisa, na hapo picha inaungua au inazama gizani. Bwana Nusu alikuwa akipima mara kumi kila taa kabla ya kuitia hatiani. Ndivyo alivyokuwa.

"Hujaoa?" Kidevu aliuliza kati ya pigo la tatu na la nne, akitazama ukuta.

"Nilichumbia mwaka juzi." Taa ikalipuka. "Nane na sehemu tatu. Uchumba ukavunjika."

"Ilikuwaje?"

"Alisema namsikiliza kama mtu anayesubiri simu nyingine." Taa. "Nane na sehemu tatu. Na wewe?"

"Shangazi amenipatia mtu. Mwenye duka la vitambaa, yule aliyefiwa na mkewe. Anakuja Jumamosi na watu wake."

Kipima mwanga kilishuka kidogo, kikapanda tena mahali pake.

"Ni mtu mzuri?"

"Mzuri sana. Nyumba yake ina utulivu mpaka mtu unatamani ulie."

"Unampenda?"

Kidevu alifikiri. Hakutaka kumdanganya, na hakuwa na nguvu ya kutafuta maneno mazuri. "Nimechoka, Nusu. Najua kuchoka siyo kupenda. Lakini siku nyingine mtu ukichoka vya kutosha, vinafanana."

Fundi alimaliza mapigo kumi ya taa kubwa, akaenda kwenye ile ya pembeni inayolainisha kivuli, akaipima nayo mara kumi, kisha ile ya kumulika pazia. Akazima zote. Chumba kikabaki na mwanga wa dirisha la juu tu, wenye vumbi.

"Taa hazina kosa," alisema.

"Pima tena."

"Kidevu, nimepima mara thelathini."

"Pima tena, nimekwambia!"

Alimgeukia taratibu. Yale macho ya kutazama kitu mpaka kitubu yalikaa usoni kwake, na Kidevu akahisi machozi yakimjaa bila ruhusa.

"Ulijua," alisema fundi.

"Nilijua."

"Ni macho ya mzee."

"Mwaka wa pili huu." Mara maneno yalipoanza, yakamwagika kama mchele kwenye gunia lililotoboka. "Akitazama kioo cha kamera anaona giza. Basi anapandisha nguvu ya taa. Mimi najifanya ninanyoosha mwavuli wa taa, ninairudisha. Anapandisha, ninashusha. Kutwa nzima, kila mteja, miaka miwili. Siku ya mahafali shangazi aliniita kaunta, nikakaa karibu saa nzima. Niliporudi, alikuwa ameshapiga wote."

"Kwa nini hukumwambia?"

"Aliyemwambia mara ya kwanza yuko wapi?"

Wote wawili waliikumbuka asubuhi ile. Bwana Nusu alikuwa msaidizi wa studio wakati huo, kijana mwenye mikono safi na ulimi usiojua kupinda. Mbele ya familia nzima ya wateja alisogea na kipima mwanga chake akasema, "Mzee, umezidisha. Punguza nusu hatua." Mzee alikuwa amepiga picha miaka thelathini kwa jicho tupu. Wateja walicheka, na palepale Mzee akambandika jina la Bwana Nusu. Kesho yake Bwana Nusu, bila kujua ukubwa wa donda, akamtuma mjomba wake kuja kuposa. Jibu la Mzee lilizunguka mtaa mzima: "Anayenipima mimi mbele ya wateja, atampima binti yangu kila siku mezani." Mama yake Kidevu alikuwa ametimiza siku arobaini tu kaburini. Kidevu alimtazama baba yake alivyokonda, akabaki. Bwana Nusu akaenda kutengeneza mashine za eksirei katika hospitali ya mji mwingine.

"Uliniita nipime taa ambazo unajua ni nzima," alisema sasa.

"Nilitaka mashine iseme ni taa. Hata kwa bahati mbaya." Akajifuta pua kwa kiganja kama mtoto. "Na nilitaka nikuone. Basi. Umeridhika?"

Kabla hajajibu, pazia la kaunta lilifunguliwa.

"Nasikia taa zinapigapiga huku, mteja yu..." Shangazi alisimama, mkono kiunoni. Alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya mtu mrefu. "Ala! Bwana Nusu! Nani kakufufua?"

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, lakini usinizoee." Akamgeukia Kidevu. "Ndiye fundi wako huyu? Mafundi wa mji huu wote wamekufa? Jumamosi watu wanakuja hapa, mwanangu, watu wazima na heshima zao, halafu wewe unafungulia milango ya nyuma!"

"Shangazi, amekuja kazini."

"Kazi gani ya kumliza mtu? Nina macho mimi." Kisha sauti ikamshuka, na chini ya ukali wake kukatokea kitu kingine, woga mtupu wa mtu aliyezeeka nyumbani kwa kaka yake. "Huyu atakuchukua. Hospitali yake iko mbali. Mwenye vitambaa yuko mtaa wa pili, ungekuja kila siku. Ukienda, kaka yangu atabaki na nani? Mimi nitabaki na nani? Umefikiria hilo?"

"Kila siku," alisema Kidevu. "Silifikirii jingine."

Shangazi alirudi nyuma hatua moja. Huenda hakuwa amelitazamia jibu hilo, au sauti iliyolibeba.

Hapo ndipo ngazi zilipolia. Mzee alishuka mkono ukutani, hatua moja baada ya nyingine, amevaa shati lake la kazi lililopigwa pasi, lile la wateja wakubwa. Alifika chini akasimama, kichwa amekiinamisha upande mmoja.

"Nimesikia kijimashine kinalia," alisema. "Pip, pip. Kwenye studio yangu mtu mmoja tu aliwahi kuja na kitu hicho."

"Shikamoo, mzee," alisema Bwana Nusu.

Mzee alimtazama, au aliitazama sehemu sauti ilikotoka.

"Marahaba. Umeitwa?"

"Nimeitwa."

"Umepima?"

"Nimepima."

"Haya. Wewe ni hodari wa kusema. Taa zangu zina nini?"

Bwana Nusu alimpoteza Kidevu kwa sababu ya nusu hatua ya mwanga. Hakuwahi kusema tisa penye nane, hata kwa mtoto, hata kwa utani. Fundi alimtazama Kidevu, akayaona macho yake mekundu na mabega yake yaliyoshuka. Akamgeukia Mzee.

"Taa kubwa imechoka, mzee," alisema. "Inayumba. Ulisema kweli. Inataka kubadilishwa."

Mzee alivuta pumzi ndefu, kifua chake kikapanuka kwa ushindi. "Sikuwaambieni?"

Kidevu hakupata nafuu aliyoitarajia. Alimtazama mwanamume yule akiwa amesimama na uongo wake mkononi, uongo wa kwanza maishani mwake labda, umemkaa vibaya kama koti la kuazima. Aliusema kwa ajili yake. Angeusema tena kesho, na keshokutwa, mpaka naye awe mtu wa kushusha vitufe nyuma ya mgongo wa mwenzake. Wangekuwa wawili sasa wa kuchoka hivyo.

"Baba," alisema. "Taa ni nzima."

"Fundi amesema..."

"Fundi amenionea huruma. Taa zote tatu ni nzima. Ni macho yako, baba."

Shangazi alishika ukingo wa pazia. Bwana Nusu alifumba macho.

"Tangu lini?" aliuliza Mzee.

"Mwaka wa pili. Ukipandisha, mimi nilikuwa nashusha nyuma yako."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Uso wa mzee ulipitiwa na mambo mengi. Hasira ndiyo iliyofika kwanza. "Umenichezea! Mimi baba yako, miaka miwili, umenifanya kikaragosi mbele ya kamera yangu! Ungeniambia!"

"Ulimfukuza aliyekuambia."

Hakupiga kelele. Aliyasema kwa uchovu, kama mtu anayetua mzigo mlangoni kwa sababu mikono imekufa ganzi. Mzee alipapasa akakipata kigoda, akakaa palepale wateja wanapokaa, mbele ya pazia la kijivu.

"Kila asubuhi," alisema, "ninapopanda ngazi zile na kushuka, ninajiambia ni balbu ya ngaziani. Nimeibadilisha mara nne. Mtu huwa anajua, mwanangu. Anajua, halafu anakwenda kununua balbu."

Shangazi akaanza kulia, kwa kelele, kama afanyavyo kila kitu. Hakuna aliyemnyamazisha.

Saa kumi kasoro robo kengele ya kaunta ililia. Bibi harusi mtarajiwa alikuwa amefika na gauni lake kwenye mfuko mrefu, na mchumba wake, mrefu, mweusi tii, suti nyeusi ya kuhesabu mikunjo. Shangazi alijifuta machozi akaenda kuwapokea kwa sauti ya kawaida. Mzee alisimama, akanyoosha shati.

"Mimi nitawapanga," alisema. "Kichwa kinapostahili kukaa nakijua hata kwa kupapasa. Wewe utapiga." Kisha, bila kumtazama Bwana Nusu, "Mwazime hicho kijimashine."

Aliwapanga vizuri mno. Alimshika bwana harusi mabega akamgeuza, akamwambia bibi harusi aegemeze uzito mguu wa nyuma, akawatania mpaka wakasahau kuogopa. Kidevu alipima chini ya kidevu cha mwanamke: kumi na moja. Akapima cha mwanamume, aliyekuwa karibu na taa: kumi na moja na sehemu tano. Nusu hatua. Aliirudisha taa kubwa nyuma hatua mbili za mguu, akaiongeza nguvu kidogo, akapima tena. Kumi na moja, kumi na moja na sehemu moja. Akafunga lenzi kwenye kumi na moja, na kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili hakukuwa na mtu wa kumvizia. Alipiga. Mikono yake ilikuwa mizito lakini haikutetemeka.

Walipoitazama picha kwenye kompyuta, Mzee alisimama nyuma yao wote.

"Niambie, mama," alimwambia bibi harusi. "Unaona nini?"

Msichana alisogea karibu na kioo. "Naona... naona nyuzi za shela. Moja moja. Naona kidoa kwenye mkono wangu, hapa, mama aliponikumbatia na poda yake. Na yeye," akamgusa mchumba wake, "naona vifungo vya suti, na macho yake. Kwenye picha zote alizowahi kupiga huwa ni kivuli chenye meno."

Mchumba alicheka. Mzee aliitikia kwa kichwa, mara mbili, taratibu, midomo imekaza.

"Ndiyo picha hiyo," alisema, akapita pazia kwenda kaunta. Walimsikia akimwambia dada yake, "Mpigie yule wa vitambaa. Mwambie asisumbue watu wazima Jumamosi." Shangazi akaanza, "Lakini kaka..." na yeye akasema, "Mpigie tu. Wewe nyumba hii ni yako mpaka tuzikwe wote, nani kakutisha?"

Wateja walipoondoka, Bwana Nusu alikuwa anakunja nyaya. Kidevu alikaa kwenye kochi la wateja, viatu amevua, hana hata nia ya kuwasha feni.

"Pale hospitalini kuna daktari wa macho," alisema fundi. "Huenda ni mtoto wa jicho, hutolewa. Huenda siyo. Lakini lazima aonwe. Alhamisi naweza kuja kumchukua."

"Asante."

"Kidevu."

"Usiniulize leo."

"Sijauliza."

"Naijua sauti yako ukitaka kuuliza." Aliegemeza kichwa. Kope zilikuwa zinashuka zenyewe. "Ulimdanganya baba kwa ajili yangu. Usirudie tena. Sitaki mtu wa kunifichia. Nimefanya kazi hiyo, naijua, inaua."

"Sitarudia."

"Nataka kulala tu, Nusu. Saa moja. Nikiamka na bado upo hapa, utapata jibu ambalo hujauliza."

Usingizi ulimchukua mdomo wazi, bila heshima yoyote, mchana kweupe.

Alipofumbua macho, mwanga wa dirisha la juu ulikuwa umegeuka rangi ya chai. Koti la mtu lilikuwa miguuni mwake. Kutoka kaunta alisikia sauti ya baba yake ikiuliza ile mashine ya eksirei inaonaje mfupa bila kuona nyama, tena ukikaa mbele yake inauma au haiumi, na sauti nyingine ikimweleza taratibu, kipande kwa kipande, kama mtu asiye na safari.

Kidevu hakuinuka. Alijinyoosha tu kwenye kochi, akaita kwa sauti ya kutosha kuvuka pazia.

"Ndiyo!"

Maongezi yalikatika.

"Ndiyo nini?" Mzee aliuliza. "Nani kamuuliza kitu huyu?"

Kulisikika tu kiti kikisukumwa nyuma kwa haraka, na hatua zikija.